Uzoefu wangu na seti ya bushi za bawaba za aleroni, Tabora

Bushi zenyewe, yaani vibomba vya chuma vya kuvika ndani ya matundu ya bawaba za aleroni (kipande kinachocheza nyuma ya bawa la ndege), ni nzuri, ila si za kila ndege, na muuzaji hasemi hivyo popote. Kabla hujatuma hela, chukua rula upime nyama iliyobaki kuzunguka tundu la bawaba.

Boliti ya AN3, inayopita kwenye bawaba, ina unene wa mm 4.76. Bushi za seti hii zina tundu la saizi hiyo hiyo, lakini kwa nje ni robo inchi, yaani mm 6.35, kwa hiyo tundu lililolika lazima lipanuliwe. Kanuni ya kawaida ni kwamba kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bamba pasipungue mara mbili ya kipenyo cha tundu. Kwa boliti tupu unahitaji mm 9.5. Ukishaweka bushi unahitaji 12.7. Kwenye ndege yangu vipande vya bawaba za aleroni vina mm 13, vikapita kwa tabu. Vya eleveta (usukani wa mkiani wa kupandisha na kushusha pua) vina 10 tu. Hivyo vya eleveta usivipanue. Vikate upya, vipana zaidi, kutoka bamba la aluminiamu 6061-T6 la unene ule ule, bushi ukaziweke humo.

Hakikisha pia kwamba kweli ni bawaba inayocheza, yaani iliyolegea. Funga fimbo ya usukani kwa mkanda wa kiti isitikisike, kisha shika ukingo wa nyuma wa aleroni uupandishe na kuushusha huku kidole cha mkono mwingine kikiwa juu ya kiungo cha bawaba. Bawaba iliyolika utaisikia kidoleni. Ukiona ukingo unacheza lakini kidole hakisikii kitu, tatizo liko kwenye kiungo cha fimbo ya kusukumia, ile inayoendesha aleroni. Hapo kosa dogo hukuzwa: pembe (mkono mfupi wa aleroni unaosukumwa na fimbo hiyo) ya mm 60 yenye mchezo wa mm 0.2 inakupa mm 1 kwenye ukingo ulio mm 300 kutoka kwenye bawaba. Bushi haziponyi hilo. Na mchezo si wa kuvumilia kwa kuwa ndege ni nyepesi. Ndio unaofungua mlango wa aleroni kuanza kutetemeka yenyewe kwenye mwendo mkubwa, na tetemeko hilo huvunja bawa kwa muda mfupi sana.

Kupanua ndiko wengi wanakoharibu. Tundu lililolika huwa na umbo la yai, na biti ya drili ya kawaida hufuata upande uliolika, hivyo unaishia na tundu la mviringo lililohama mahali pake. Nilichoona kinafaa ni kubana kipande katikati ya vyuma viwili vyenye tundu la mwongozo, kutoboa hadi mm 6.2, halafu kumalizia kwa rima (kifaa cha kusawazisha tundu hadi kipimo kamili) ya 6.35 inayozungushwa kwa mkono, taratibu, bila kuirudisha nyuma. Rima haimo kwenye seti. Fundi wa kukereza vyuma hapa mjini alifanya kazi hiyo vizuri kwenye mashine yake, lakini mpelekee boliti na bushi mkononi. Ukimwambia namba tu kwa mdomo atakupa 6.5, maana ndiyo biti aliyonayo.

Bushi huingia kwa kubana, kwa vaisi yenye mbao laini pande zote mbili, kamwe si kwa nyundo. Ikishaingia tundu lake la ndani husinyaa kidogo, na boliti iliyokuwa ikiteleza inagoma. Usiingize rima humo. Bushi hizi ni za bronzi yenye vinyweleo vilivyojaa mafuta, na rima butu huviziba. Pitisha pini ya chuma kigumu iliyong'arishwa, nene kidogo sana tu kuliko boliti, itafungua bila kukwangua. Kwa sababu hiyo hiyo achana na ule mtindo wetu wa kuosha kila kitu kwa petroli. Inanyonya mafuta yote. Ukishakosea, ilaze bushi usiku kucha kwenye oili ya SAE 30 yenye uvuguvugu.

Lawama yangu kubwa ni boliti. Zilikuja zenye herufi A mwishoni mwa namba, yaani hazina tundu la spiliti (pini ya kuzuia nati isifunguke), ilhali nati zilizoambatana nazo ni zile zenye meno ya kupitishia spiliti! Usijisaidie kwa nati ya nailoni: kwenye kiungo kinachozunguka inaweza kujifungua kidogo kidogo. Agiza AN3 zisizo na A, na chagua urefu ambao sehemu laini ya boliti inajaza bushi nzima, nyuzi zisiguse humo ndani. Kaza hadi mchezo wa ubavuni uishe tu, kisha tafuta tundu la spiliti. Ukizidisha, masikio ya bawaba yanabana kola ya bushi (ukingo wake mpana) na aleroni inakuwa nzito.

Funga bawaba za pembeni kwanza, ya katikati mwisho, baada ya kupitisha uzi kuona kama matundu yote yako kwenye mstari mmoja. Ukiwa umechomoa fimbo ya kusukumia, aleroni ishuke yenyewe kwa uzito wake. Ikikwama nusu njia, kuna bawaba imekaa upande.

Grisi sipaki kabisa. Vumbi la hapa kiangazi likichanganyika na grisi linakuwa dawa ya kusagia chuma, na nadhani ndilo lililokula matundu ya mwanzo. Tone moja la oili nyepesi, futa kinachobaki nje.

Nyota tatu kati ya tano. Kazi iandikwe kwenye daftari la ndege na fundi mwenye leseni aisaini, kisha pima mchezo tena baada ya saa 5 za kuruka. Bushi isiyobanwa sawasawa huanza kuzunguka ndani ya bamba mapema, na utaijua kwa unga mweusi pembeni ya kola.