Katriji Ikiisha Nairobi: Ujaze, Ununue Nyingine au Uhamie Printa ya Tangi?

Piga hesabu hii kabla hujatoa pesa. Katriji ndogo nyeusi ya HP 123 imekadiriwa na HP yenyewe kutoa kurasa 120 hivi. Saiba nyingi za mitaani hutoza shilingi 10 kwa ukurasa mweusi. Kurasa 120 kwa shilingi 10 ni 1,200. Dukani ukiitishwa zaidi ya hapo kwa katriji hiyo, na utaitishwa, basi kuprinti nyumbani kumekushinda gharama, na bado hujagusa karatasi wala stima. Printa ilikuwa rahisi ulipoinunua kwa sababu faida ya kampuni iko kwenye wino.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye printa ya wino tayari iko mezani na anaprinti kurasa 100 hadi 200 kwa mwezi: mwalimu, katibu wa chama, mzazi anayeambiwa saa mbili usiku kwamba kesho mtoto anatakiwa na picha za rangi za kazi ya shule. Nimepanga njia kuanzia ninayoipenda zaidi hadi ile ambayo ningemkataza ndugu yangu. Ukizidi rimu nzima kwa mwezi, anza kusoma namba mbili.

Kabla ya yote: hedi yako inakaa wapi?

Chomoa katriji uigeuze. Ukiona kibati chembamba chenye matundu madogo mno upande wa chini, na vidoa vya shaba mgongoni, basi hedi ya kuchapia, ile sehemu inayorusha wino kwenye karatasi, imejengwa ndani ya katriji yenyewe. HP 123, 652 na 305 ziko hivyo, na Canon PG-445 na CL-446 pia. Kama ni kisanduku cha plastiki tu chenye tundu la kutolea wino na kichipu kidogo kama ukucha, kinachoiambia printa wino umebaki kiasi gani, hedi inabaki ndani ya printa. Hapo ndipo zilipo Epson za katriji na zile HP za ofisi zinazotumia 950 na 951.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu hapa chini. Katriji ya aina ya kwanza ikijazwa, printa itaendelea kudai kwamba haina wino, maana inahesabu matone iliyokwisha kurusha na haina jicho la kuona ulichomimina. Lakini itakubali kufanya kazi. Kwenye HP unakubali onyo unaendelea. Kwenye Canon kama MG2540S, ikiandika E13 au E16, shikilia kitufe cha Stop kwa sekunde tano au zaidi. Itaacha kupima wino wa katriji hiyo na itaprinti. Kuanzia hapo kazi ya kuchunga wino ni yako.

Katriji ya aina ya pili ni kichwa ngumu. Chipu ikifika sifuri, printa nyingi za aina hii husimama hata kama umejaza katriji pomoni. Hapo lazima chipu ibadilishwe, irudishwe mwanzo kwa kifaa chake, au utumie katriji za kujaza zenye chipu inayojirudisha yenyewe ukiichomoa na kuirudisha. Haki ya watengenezaji niwape: kusimama mapema kunazuia hedi kuvuta hewa, na hedi hiyo huibadilishi kwa bei ya katriji.

Usiamini anayekwambia chipu ndiyo inayoleta ubora wa maandishi. Mwaka 2022 vifaa vya kielektroniki vilipoadimika duniani, Canon iliuza tona (wino wa unga wa mashine za leza) za mashine zake za ofisi bila chipu, ikawaeleza wateja namna ya kupita onyo, na ikasema ubora wa kuchapisha hauathiriki. Tona ni habari nyingine, lakini ungamo ni lilelile.

1. Kujaza mwenyewe katriji yenye hedi

Hii ndiyo namba moja yangu, na sababu haiko kwenye bei peke yake. HP wana ulinzi unaokataa katriji zenye chipu zisizo zao, ila wao wenyewe wanasema katriji iliyojazwa upya ikiwa bado na chipu au saketi ya kielektroniki ya HP haiguswi na ulinzi huo. Ukijaza ile iliyokuja na printa, chipu au saketi yake ni halali na haibishani na mtu.

Angalia hesabu. Canon PG-445 mpya ina mililita 8 na imekadiriwa kurasa 180. Chupa ya mililita 100 ya wino wa kujazia, ile inayouzwa kwenye maduka ya kompyuta ya Luthuli na Moi Avenue, inaijaza zaidi ya mara kumi. Katriji yenyewe haitafika huko. Hedi huchoka, na mara tano au sita ni mavuno mazuri.

Wino ndio unaowaangusha wengi. Katriji nyeusi za HP 123 na Canon PG-445 zinatumia wino wa pigmenti, wenye chembe ndogo zinazokaa juu ya karatasi. Za rangi zinatumia wino wa kuyeyuka. Lebo ya chupa itasema Pigment au Dye. Ukitia Dye kwenye nyeusi, herufi zitaota ndevu na tone la maji litazifuta. Ukitia Pigment kwenye katriji ya rangi, matundu yataziba. Chupa iliyoandikwa "for all printers" iache palepale rafuni.

Kujaza kwenyewe kunataka utulivu. Tandika gazeti, vaa glavu. Bandua lebo ya juu taratibu. Chini yake kuna matundu. Nyeusi ina chumba kimoja, ya rangi ina vitatu, na kila modeli hupanga rangi zake kivyake, kwa hiyo usiende na picha uliyoiona mtandaoni: choma kijiti cha meno ndani ya kila tundu, kitoe, kifute kwenye tishu nyeupe. Kila kijiti kitakuambia chumba hicho ni cha rangi gani. Ingiza sindano ndani ya sponji karibu na chini, kisha sukuma polepole mno, mililita moja, unangoja, mililita nyingine. Ukiharakisha unaacha hewa katikati ya sponji na printa itakata mistari. PG-445 ipe mililita 5 au 6, usiifikishe 8. Wino ukichungulia tunduni umepitiliza. Nyonya kiasi urudishe kwenye chupa.

Sasa weka kibati cha chini juu ya tishu iliyolowa maji ya uvuguvugu kidogo, ukibonyeza bila kusugua. Katriji ya rangi iliyo sawa inaacha mistari mitatu iliyotengana: buluu, nyekundu ya waridi na njano. Ikiacha doa moja la rangi ya tope, rangi zimeingiliana ndani. Ngoja, nyonya kwa tishu kavu, rudia. Rudisha lebo bila kuziba kijitundu cha hewa. Nimewahi kuona katriji nzima ikilaumiwa "wino mbaya" kumbe imefungwa selotepu kotekote kama mtungi wa siri.

Sharti kubwa: jaza mapema, pindi herufi zinapoanza kufifia. Hedi za HP na Canon huchemsha wino ili kuurusha, na ule wino ndio unaozipoza. Zikichapisha kavu zinaungua. Katriji iliyokaa tupu kabatini tangu Desemba, usiisumbue.

2. Kuuza hiyo uliyonayo na kuhamia printa ya tangi

Bei ya kuanzia inauma, ni mara kadhaa ya printa ndogo. Baada ya hapo unasahau habari za katriji. Epson L3250 inatumia wino wa 103, chupa za mililita 65. Nyeusi imekadiriwa kurasa 4,500, na seti ya rangi tatu kurasa 7,500. Canon za G zinazotumia GI-490 zina chupa nyeusi ya mililita 135, kurasa 6,000. Linganisha na zile 120 za mwanzo. Chupa ya kwanza itakupa pungufu kwa sababu sehemu ya wino inajaza mipira (mirija) ya ndani.

Chupa hizi hazina chipu. Unaangalia tangi kwa macho, na ukilizembea likashuka chini ya mstari, hewa inaingia kwenye mipira na hapo utamjua fundi. Epson pia huhesabu wino unaomwagwa kwenye sponji ya ndani kila unaposafisha hedi; hesabu ikijaa, printa inagoma. Fundi anayerudisha hesabu kwa programu bila kubadilisha sponji amekuachia bwawa litakalovuja mezani siku moja. Muulize: "Sponji umebadilisha, ama umerudisha hesabu tu?"

Jambo la hapa kwetu: usizime printa kwa swichi ya ukutani. Ukizima kwa kitufe chake, hedi inarudi pembeni na kufunikwa. Ukikata umeme ghafla, inabaki uchi na kukauka. Stima ikipotea katikati ya kazi, ikirudi washa printa kwanza, kisha izime kwa kitufe.

3. Fundi akujazie

Ni njia namba moja kwa mikono ya mtu mwingine, na inamfaa asiyetaka vidole vya buluu hadi Jumapili. Mjini mafundi wamejaa, na hata Umoja na Githurai hutakosa. Tatizo ni kwamba huoni chupa. Simama naye. Ukisikia "Bosi, wino ni mmoja tu," chukua katriji yako. Nyingine: akikubadilishia kwa "iliyojazwa tayari" badala ya kujaza yako, kataa. Baadhi ya printa za HP zina kinga inayoifunga katriji kwenye printa ya kwanza iliyoitumia, na hiyo ya kupewa inaweza kuwa imefungwa kwa mtu usiyemjua.

Kinga hiyo inazimika, lakini kabla hujaweka katriji mpya: andika anwani ya IP ya printa (namba yake kwenye mtandao) kwenye kivinjari, tafuta kwenye mipangilio palipoandikwa Cartridge Protection, uzime. Humohumo zima na masasisho ya moja kwa moja ya programu ya printa.

4. Originali, ila kubwa

Kama unaprinti mara chache na huna hamu ya sindano, nunua XL, ile yenye wino mwingi zaidi. HP 123XL nyeusi ni kurasa 480 dhidi ya 120. PG-445XL ni 400 dhidi ya 180. Bei haipandi kwa kiwango hicho. Kwenye HP 305 faida ni ndogo, 240 dhidi ya 120, kwa hiyo piga hesabu. Na ikiwa ni XL yenye hedi, unaweza kuijaza baadaye.

Feki zipo. Boksi lililofunguliwa na kubandikwa upya, na bei inayoshangaza, vinatosha kukurudisha nyuma.

Tahadhari moja kwa anayenunua HP mpya: modeli inayoishia na herufi "e", kama DeskJet 2720e, inaweza kukualika kujiunga na mpango wa HP+. Ukikubali, printa itataka intaneti na wino wa HP peke yake. Soma kabla ya kubonyeza.

5. Mipira ya nje na matangi ya kubandika

Hapa matangi ya wino hukaa nje ya printa na kulisha katriji kwa mirija. Kabla ya printa za tangi kuenea, saiba nyingi ziliishi kwa hii. Leo sioni sababu yake nyumbani. Mpira unajikunja, unavuja, na chipu zake ndizo zilezile zinazojirudisha hadi siku sasisho litakapozikataa.

6. Kompatibo (katriji ya kampuni nyingine) yenye chipu ya kuiga

Ya mwisho kabisa, hasa kwa HP. Tarehe 13 Septemba 2016, printa nyingi za OfficeJet duniani ziliamka zikikataa katriji ambazo jana yake zilikuwa zikifanya kazi, kwa sababu ya programu ambayo HP walikuwa wameipachika ndani. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliwatoza faini ya euro milioni 10 kwa kutowaeleza wateja vizuri kuhusu vizuizi hivyo. Ulinzi upo hadi leo. Maana yake, kompatibo inaweza kufanya kazi dukani Jumamosi na kugoma mwezi ujao, na muuzaji atakuapia kwamba yeye alikuuzia nzima. Atakuwa anasema kweli.

Kwa Epson za katriji hali si mbaya hivyo, lakini zima masasisho kabla hujaiweka. Kama huna budi kuinunua, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti modeli ya printa yako na siku ambazo unaweza kuirudisha. Akisema risiti yao haina nafasi ya maneno hayo, duka la pili liko mlango unaofuata.