Philippe wa Burgundy na Jean wa Berry: Ndugu Wawili

Philippe, mdogo kati ya wana wa kiume wa Mfalme Jean II wa Ufaransa, alikuwa na miaka 14 tu aliposimama kando ya baba yake vitani Poitiers mwaka 1356, hadi wakatekwa pamoja. Alipewa jimbo la Burgundy mwaka 1363, kisha ndoa yake na Marguerite, mrithi wa Flanders, ikaupanua utawala wake. Kwa upande wa kuendeleza ukoo, naamini alimshinda kwa mbali kaka yake, Jean wa Berry. Jean naye alipenda sanaa: katika kitabu cha sala alichowaagiza wachoraji, ndugu wa Limbourg, anaonekana mezani kwa joho la buluu, vijibwa wakitembea kati ya vyombo. Wanawe wa kiume, hata hivyo, walimtangulia kaburini.