Chaneli, magrupu na ubao wa chuo: wapi utalipata tangazo kabla halijachacha

Mwaka wa kwanza wanaanza kuripoti na swali ni lile lile, nijiunge wapi ili matangazo ya chuo yasinipite. Sasa nimeona niandike huku mara moja niwe natuma linki tu. Chuo chenyewe sikitaji, kiko Dar, nimekaa nacho vya kutosha kujua tangazo linatokea wapi, linapita kwa nani na linafia wapi. Walio Dodoma, Mwanza, Moro na kwingine mtasema kama kwenu ni tofauti, ila mimi nahisi ni yale yale.

Tovuti ya chuo kwanza tuimalize. Ukifungua ukurasa wa habari unakutana na mgeni rasmi anapanda mti, mgeni rasmi anakata utepe, makamu mkuu wa chuo ameshikana mkono na watu wa suti wamesaini mkataba wa ushirikiano. Picha kali, Kiswahili sanifu, hakuna ubaya wowote, mzazi wako kule nyumbani akiona atafurahi. Ila maji yakikatika hosteli siku tatu huko hutaona hata mstari. Ratiba ya UE (mitihani ya mwisho wa semesta) kweli inawekwa, tena mapema wakati mwingine, lakini inawekwa kama PDF iliyoskaniwa imelala upande, herufi ndogo kama chawa, na ukitaka kutafuta kodi (code) ya kozi yako haitafutiki kwa sababu ile ni picha sio maandishi. Unabaki unavuta kwa vidole viwili kwenye simu mpaka betri inaisha. Nyota mbili, na moja ni ya wapiga picha.

Ubao sasa. Najua mtanicheka, mwaka huu mtu anasifia ubao wa matangazo, lakini ngojeni. Pale idarani kwetu kuna kisanduku cha mbao chenye kioo na kufuli, ufunguo anao sekretari peke yake, ndani kuna karatasi zimebandikwa kwa pini hadi zimefunikana, nyingine zimepauka na jua ni za semesta mbili nyuma, hakuna aliyezibandua. Lakini angalia karatasi yenyewe: juu ina kumbukumbu namba ya barua, ina tarehe, chini ina saini na muhuri wa bluu. Mtu akikubishia kwamba mtihani umehamishiwa Jumatano unamwambia twende ubaoni, mnaenda, mnasoma, ubishi umeisha. Hakuna grupu duniani linaloweza hilo. Na siku mambo yakienda vibaya ukaenda kulalamika kwamba hukuambiwa, kitu cha kwanza utaulizwa ofisini ni kama ulipita ubaoni, hawakuulizi kama ulikuwa na bando. Tatizo ni kwamba ubao haukufuati. Ukikaa nao mbali, ukakosa kipindi siku mbili, tangazo limebandikwa limetekelezwa limechacha. Na kioo kile kinameremeta, ukipiga picha mchana unajipiga mwenyewe na simu yako, tangazo liko nyuma ya kivuli cha kichwa chako. Piga asubuhi au simama kwa pembeni, huo ushauri ni wa bure.

Ila usinielewe vibaya, hakuna anayeishi kwa ubao. Tunaishi kwa CR, yaani mwakilishi wa darasa. Kile chuo kinaita mawasiliano kwa wanafunzi, kwa vitendo ni kijana mmoja aliyechaguliwa wiki ya pili kwa sababu alikaa mbele na ana sauti, mwalimu anampigia kumi na mbili asubuhi kwamba leo kipindi hakuna, yeye anaingiza kwenye grupu la WhatsApp la kozi, watu walioko kwenye daladala pale Ubungo wanashuka wanarudi kulala. Halipwi. Bando ni lake. Akichelewa kuposti anatukanwa, akiposti mara mbili anaambiwa anasumbua. Kama kuna huduma ya habari pale chuoni inayostahili nyota tano basi ni CR mwenye akili timamu, na nasema mwenye akili timamu kwa sababu wapo wa aina ya pili, wale wanaoandika "jamani test ipo" halafu wanazima data. Testi ya nini? Lini? Venyu gani? Watu mia mbili wanauliza swali moja na jibu linakuja saa tano usiku.

CR mzuri unamjua kwa namna anavyoandika. Wetu alikuwa anaanza na kodi ya kozi, halafu siku pamoja na tarehe (sio "kesho", maana kesho ya aliyesoma leo sio kesho ya aliyesoma jana), saa, venyu, halafu nani kasema, mwalimu mwenyewe au ofisi. Chini anabandika picha ya karatasi yenye muhuri kama ipo. Mistari minne tu. Na saa aliandika zote mbili, saa 2 asubuhi halafu 08:00 pembeni, kwa sababu kuna watu walishawahi kwenda kwenye mtihani saa nane mchana wakakuta wenzao wamemaliza zamani.

Shida ya grupu lenyewe ni grupu. Tangazo linaingia saa nne, saa nne na dakika tano mtu kaweka video ya mpira, mwingine anauza sambusa na juisi ya miwa anapeleka hadi blok B, mwingine kamtakia mwenzie heri ya kuzaliwa na watu arobaini wanafuatia na keki, ukifungua mchana tangazo liko huko juu hulioni. Admini anaweza kufunga grupu wakawa wanaandika wao tu, hiyo ipo kwenye settingi na ni dawa, lakini ukifunga watu wanahamia grupu jingine la "bila maadmini" na ndiko maisha yanakoendelea. Halafu kuna suala la namba. Grupu la WhatsApp linabeba watu mpaka 1,024 na wote wanaiona namba yako, mabinti wa mwaka wa kwanza wanajua ninachoongelea, wiki ya kwanza tu unaanza kupata "mambo" kutoka kwa watu usiowajua, na wale jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii" nao hawako mbali.

Ndiyo maana serikali ya wanafunzi walipofungua chaneli ya WhatsApp mimi nilishangilia. Chaneli zilienea nchi nyingi Septemba 2023, zetu zikaja baadaye kidogo, na kwa matangazo ya chuo ni kitu kinachofaa sana: wafuasi hawana kikomo, namba yako haionekani kwa wenzako, hakuna wa kuuza sambusa, unaweza kuweka emoji tu ukapita. Utulivu wake unapendeza. Lakini hapo hapo ndipo inaponikera, maana huwezi kuuliza. Wakiandika venyu ambayo haipo, na walishaandika, tunabaki tunabandika emoji za kucheka na yule admini anadhani tumefurahi. Pia WhatsApp wenyewe walipoizindua walisema wanahifadhi historia ya chaneli hadi siku 30, kwa hiyo kama ni tangazo la ada la mwanzo wa semesta usitegemee utalikuta pale mwishoni, piga skrinishoti. Mimi naipa tatu na nusu.

Kwa upande wangu mshindi ni Telegram, na najua nusu yenu hamna. Grupu linabeba hadi watu 200,000, chaneli haina kikomo, faili la hadi GB 2 linapita, na kubwa kuliko yote, ukijiunga leo unaona kila kitu tangu siku ya kwanza chaneli ilipofunguliwa. Aliyechelewa kuripoti hahitaji kumbembeleza mtu amforwadie. Past papers za miaka kibao, ratiba, fomu za kuahirisha masomo, zote zimekaa pale na unatafuta kwa kuandika kodi ya kozi tu. Pia kuna kijicho pembeni ya kila posti kinaonyesha imetazamwa mara ngapi, hivyo watu wakisema "tangazo hatukuliona" idadi ya waliolitazama inaonekana. Kasoro yake ni moja na ni kubwa, watu hawaifungui. Mitandao ya simu inauza vifurushi vya WhatsApp peke yake kwa bei ya kutupa, na mwenye kifurushi hicho Telegram kwake ni kama haipo. Kwa hiyo Telegram ni kabati la kutunzia, WhatsApp ndiyo ya kukuamsha. Uwe nazo zote.

Kuhusu matangazo feki sikufichi, ni mengi na yanakuja kwa msimu. Karibu na UE utaona barua inasema mitihani imesogezwa wiki mbele, nembo ya chuo ipo, muhuri upo, kila mtu anaruka ruka. Ukiangalia vizuri kumbukumbu namba ni ya barua ya mwaka jana na saini ni ya mtu aliyeshastaafu. Bumu nalo, ile hela ya mkopo, kila wiki kuna "taarifa kutoka bodi" ya mikopo kwamba hela imeingia, watu wanapanga foleni kwa wakala bure. Hizo za utani angalau zinaisha kwa kicheko. Za hosteli ndizo mbaya, mtu anajifanya ofisi ya makazi, anatangaza vyumba vimebaki vichache, lipia haraka kwa namba ya simu hii. Vyuo vya serikali malipo yanapita kwa kontroli namba, namba maalumu ya malipo unayotengeneza mwenyewe kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, namba ya simu ya mtu binafsi ni wizi, funga mjadala. Na wewe unayetengeneza hizo barua kwa kuchekesha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inazo taarifa za uongo ndani yake, haijaandika "isipokuwa kwa utani".

Kitu ninachokikosa kabisa pale chuoni ni habari. Matangazo tunayo mpaka yanatapakaa, lakini anayeuliza kwa nini maji yamekatika, kwa nini bei ya chipsi mayai kafteria imepanda, hela ya serikali ya wanafunzi imeenda wapi, hayupo. Wakati Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1969 wanafunzi walianzisha jarida lao Cheche, wakalichapa kwa stensili, Issa Shivji, aliyekuja kuwa profesa wa sheria, akachapisha humo makala ndefu kuhusu matabaka ya nchi hii, 1970 likapigwa marufuku. Hawakuwa na simu wala bando jamani. Leo tuna vyuo vyenye redio kabisa, Mlimani wana redio na televisheni, SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) kule Mwanza wana redio, na ni vizuri, ila zinaongea na mji mzima, mambo ya blok B hazina nafasi nayo. Wanaojaribu ni akaunti za udaku za chuo kule Instagram, na hao kazi yao ni nani kaachana na nani. Zifuate kwa kucheka, usipangie ratiba.

Kwa hiyo mdogo wangu unayeripoti wiki hii: tafuta CR wako siku ya kwanza uhifadhi namba yake, fuata chaneli ya serikali ya wanafunzi kwa linki iliyopo kwenye ukurasa wao rasmi sio ya kuforwadiwa, pakua Telegram ukiwa kwenye waifai ya maktaba, na ukipita idarani geuza shingo kidogo uangalie kioo.

Admini wa chaneli kama unapita hapa, ile ratiba ya UE uliyoweka jana usiku ukurasa wa tatu haufunguki, na ndio wenye kozi zetu. Tuma tena.