Swichi ya HDMI: usinunue inayojichagulia yenyewe

Dakika ya themanini na kitu, watani wa jadi wako sare, kona inataka kupigwa. Sebule yangu yote kimya. Baba mkwe ameinama mbele, kikombe cha chai mkononi. Mara kioo kikawa cheusi. Sekunde moja, mbili, tatu. Picha iliporudi, uwanja haupo. Yupo mpishi wa Kizungu anakanda unga.

Rimoti ilikuwa mezani, hakuna aliyeigusa. King'amuzi cha pili, nilichokizima mwenyewe mchana, kilikuwa kimejiamsha chenyewe kupakua programu mpya, na swichi niliyoinunua wiki ileile ikaona mgeni huyo apewe kioo. Mpaka nimefika kubonyeza kitufe, kona ilishakuwa bao. Baba mkwe hakusema neno. Alimaliza chai yake, akauliza kofia yake iko wapi.

Kwa hiyo leo nazungumzia swichi ya HDMI, kile kiboksi kinachounganisha vifaa kadhaa kwenye tundu moja la TV, lile la waya mmoja unaobeba picha na sauti, ili kionekane kimoja kwa wakati. Na nitasema yale ambayo muuzaji hakuambii.

Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, nyumba nyingi zimejikuta na king'amuzi zaidi ya kimoja. Ligi ya nyumbani iko Azam, Ligi ya Uingereza iko DStv, na katikati ya hapo kuna deki ya harusi za ndugu na gemu la watoto. TV ya inchi 32 mara nyingi ina matundu mawili tu ya HDMI nyuma, na ukute limoja limebanwa ukutani halifikiki. Mwisho wa siku mtu anachomoa na kuchomeka mpaka tundu linalegea, kisha fundi anamwambia bodi imekufa.

Mambo ya 4K, ile picha kali ya TV kubwa, sitayagusa. Kama TV yako ni ya inchi 32 ya kawaida, 4K iliyoandikwa kwenye boksi ni pambo. Ninachotaka ujue ni kimoja: je, swichi hiyo inakuachia wewe uchague, au inachagua yenyewe?

Waya wa HDMI una pini 19. Ya 18 hubeba umeme mdogo wa volti 5 kutoka kwenye kifaa kwenda kwenye TV. Swichi ya oto, yaani inayojichagulia yenyewe, kazi yake ni kuunusa huo umeme. Volti zikitokea kwenye tundu jipya, inarukia huko, bila kujali nani anaangalia nini. Kwenye karatasi jambo hili linapendeza: washa deki, picha ya deki inakuja yenyewe. Shida ni kwamba ving'amuzi vingi ukivizima kwa rimoti havizimiki, vinasinzia tu. Vingine vinaendelea kutoa volti hata vikiwa na taa nyekundu, kwa hiyo swichi inaamini viko macho na haibanduki. Vingine vinakata, halafu saa wanayotaka wao wanaamka, na swichi inawakimbilia.

Sasa ongeza kukatika kwa umeme. Umeme ukirudi, vifaa vyote vinaamka kwa pamoja, kila kimoja kwa mwendo wake, na aliyechelewa kuamka ndiye anayepewa kioo. Kwangu, na swichi ile, aliyechelewa alikuwa deki. Kila umeme uliporudi, nyumba nzima ilitazama nembo ya deki ikielea kutoka kona hii hadi ile.

Kuna na hili ambalo nililigundua kwa machozi. Swichi nyingine zinataka umeme wa ziada kwa waya wa USB, na muuzaji atakuambia chomeka kwenye USB ya TV, mambo yamekwisha. TV nyingi zikizimwa, USB nayo inakata. Swichi inasahau ulikuwa wapi, na kila asubuhi unaanza upya. Kama ni lazima uipe umeme, tumia kichwa cha chaji ya simu kilichochomekwa ukutani.

Ninayoipenda nitaitaja bila aibu: UGREEN, ile ndogo ya kitufe kimoja, matundu mawili upande huu na moja upande wa pili. Kampuni ni ya Shenzhen, China, na hapana, hawajanilipa hata mia. Ninayo mwaka wa pili sasa. Haina rimoti. Haihitaji kuchomekwa kwenye umeme. Ukibonyeza kitufe inalia "tak", taa ya namba moja inazima, ya namba mbili inawaka, basi. Deki ikiamka, ikae macho yake huko. King'amuzi kikipakua programu usiku kucha, shauri yake. Umeme ukikatika na kurudi, swichi yangu iko palepale nilipoiacha.

Mtasema, "Dada, matundu mawili hayatoshi, mimi nina vifaa vitatu." Hesabu vizuri. TV ina matundu mawili. Kifaa unachokitumia sana kichomeke moja kwa moja kwenye TV, vile viwili vilivyobaki vipitishe kwenye swichi. Tayari vitatu, na umepata amani. Wenye sauti baa iliyochomekwa kwenye tundu la ARC, hilo msilipitishe kwenye swichi hata siku moja. Sauti ya ARC inatoka kwenye TV kurudi nyuma kwenye waya uleule, na hizi swichi ndogo kwa kawaida haziipitishi.

Namba mbili kwangu ni ya kuunda mwenyewe, ila ni kwa wale wenye vifaa vya zamani vya waya tatu: njano, nyeupe, nyekundu. Mama yangu bado ana TV ya kichogo na anaipenda kuliko wajukuu. Tulimtengenezea swichi na fundi redio wa mtaani kwetu, na nilikaa naye nikimshikia tochi ya simu. Unahitaji swichi ya kuzungusha yenye njia tatu na nafasi nne, moja kwa kila kifaa, yaani njano, nyeupe na nyekundu zinahama kwa pamoja kila unapozungusha. Njano ni picha, nyeupe sauti ya kushoto, nyekundu ya kulia. Matundu kumi na mawili ya kuingizia, matatu ya kutokea. Zile pete za nje za matundu, ambazo ni arthi, zote unaziunganisha pamoja kwa waya mmoja, hazipiti kwenye swichi.

Fundi alitaka kutumia boksi la plastiki la chakula. Nikamwambia tuweke kwenye bati, akacheka, lakini tuliweka, na bati tukaliunganisha na ile arthi. Plastiki haizuii mvumo wa nyaya za umeme zilizo jirani. Bati lililoungwa hivyo linaukinga. Njano tuliipitisha kwa waya wenye ngozi ya nyuzi ndani, ule wa antena, kwa sababu ukitumia waya mtupu picha ya king'amuzi inaanza kuonekana kama kivuli nyuma ya picha ya deki. Alilehemu kiungo kimoja kimoja, anapuliza, anakipima kwa mita, anaendelea. Saa mbili na nusu. Mama sasa anazungusha kitasa kama anatafuta stesheni ya redio, na hajawahi kuniita tena kuja "kumrekebishia".

Ila msije mkamwambia fundi awaundie ya HDMI kwa mtindo huo. Kijana wa jirani yetu alijaribu. Picha ya HDMI inapita kwenye jozi za waya zilizosokotwa, tatu za picha yenyewe na moja ya kuhesabu mapigo, na zinatakiwa zilingane urefu. Ukizifumua sentimita chache tu ili zifike kwenye kitasa, kioo kinamwagika vinukta vyeupe kama mchanga, au hakionyeshi kabisa.

Wenye hela, nunueni amplifaya ya ukumbi wa nyumbani. Sony STR-DH590 na Yamaha RX-V385 kila moja ina matundu manne ya HDMI ya kuingiza na moja la kutoa, na unachagua kwa kitufe chenye jina. Ni nzuri kwelikweli. Lakini mtu aliye na sabufa ya kichina inayomtosha, amplifaya ya nini? Sauti itoe kwenye TV, tundu la hedifoni, uipeleke AUX ya sabufa. Ukibadili picha, sauti inafuata yenyewe.

Zile za bei poa, matundu matatu na kamkia kafupi, nyingi ni za oto. Sina mengi. Kama tayari umeshauziwa, nunua ekstensheni yenye swichi kwenye kila tundu, kila kifaa kiwe na tundu lake, na uwashe kimoja tu unachotaka. Kisicho na umeme hakitoi volti, na swichi haina pa kurukia. Utasubiri king'amuzi kiwake dakika moja au mbili, ndiyo gharama yake. Na zile za AV, za waya tatu, zenye vitufe vya kubonyeza kwa nguvu, kwa hewa ya chumvi ya huku pwani vidole vyake vya ndani vinapata kutu, halafu unapata picha ya taarifa ya habari na sauti ya bongofleva.

Sasa wauzaji. Niliingia duka moja Kariakoo nikasema nataka swichi ya HDMI, matundu matatu. Kijana akanipa boksi. Nimefika nyumbani, ni spilita: mlango mmoja wa kuingia, mitatu ya kutoka. Hiyo ni ya kugawa picha moja kwenye TV tatu, kama baa. Narudi kesho yake.

"Kaka yangu, hii siyo swichi."

"Mama, ni zilezile, unageuza tu."

Unageuza nini? Spilita haigeuzwi. Tulibishana mpaka mwenye duka akatoka nyuma na kunibadilishia, na ile aliyonibadilishia ndiyo iliyotuibia bao. "Hii smart, mama, inajichagulia yenyewe," akasema, kana kwamba ananifanyia hisani. Nililipa 25,000. Duka la tatu kutoka hapo, boksi lilelile, rangi ileile, 14,000. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa bei inategemea na mtu alivyokuja. Nilikuwa nimetoka kazini na mkoba.

Kwa hiyo siku hizi naenda na kandambili, na ninamwomba muuzaji achomeke vifaa viwili mbele yangu, asilete maneno. Cha kwanza kiwe kwenye kioo. Halafu awashe cha pili. Kioo kikiruka bila mtu kubonyeza, namwuliza kama hiyo oto inaweza kuzimwa na inazimwa kwa kitufe kipi. Akianza kutazama dari, narudisha boksi kaunta.