Uzoefu wangu na Grasshopper katika kuchora mistari ya mawimbi

Kazi yangu ni kusanifu paneli za ukuta zenye mawimbi, na sijapata chombo kinachonifaa kama Grasshopper, programu ya David Rutten inayofanya kazi ndani ya Rhino, programu ya kompyuta ya kuchora maumbo ya 3D. Tangu Rhino 6 ya mwaka 2018 huna haja ya kuisakinisha kando: andika jina lake kwenye mstari wa amri, inafunguka.

Ninachokipenda ni kwamba wimbi humu halichorwi, linahesabiwa, kwa visanduku vya amri unavyoviunganisha kwa waya kwenye skrini. Mteja akitaka mawimbi 7 badala ya 6, nasogeza kitelezi (slider, kidude cha kuburuta kinachobadilisha namba) na mchoro mzima unajipanga upya palepale.

Huwa naanza na vitelezi vinne: urefu wa mstari, idadi ya mawimbi, kimo, na idadi ya hatua kwa kila wimbi. Tuseme urefu ni milimita 1200, mawimbi 6, hatua 24 kwa wimbi. Zao la 24 na 6 ni 144. Naliingiza kwenye kisanduku cha Range, kinachogawa masafa kwa hatua sawa, nacho kinanipa thamani 145 kati ya 0 na 1. Kila thamani nikiizidisha kwa 1200 napata x. Nikiizidisha kwa 6 na kwa 2π, nikachukua saini yake (sine ya hesabu, si sahihi ya mkono), kisha nikazidisha kwa kimo, napata y. Pembe hapo ni za radiani, si digrii. Kisanduku cha Interpolate kinapitisha mstari laini katika nukta zote. Mstari unaovutwa na nukta za udhibiti siutaki kwa kazi hii, maana haufiki kwenye vilele, na kimo utakachopima kitakuwa pungufu ya ulichoandika.

Kitelezi cha mawimbi nakiweka kwenye namba kamili tu. Hivyo wimbi linaanzia sifuri na kuishia sifuri, na paneli inayofuata inapokea pale ya kwanza ilipoachia.

Kitu ambacho wengi hawakitilii maanani ni kuzifunga hatua kwenye idadi ya mawimbi. Ukiacha jumla ya hatua 12 tu kwa mawimbi yote 6, kila nukta inaangukia mahali ambapo saini ni sifuri, na unapata mstari ulionyooka kabisa! Hesabu iko sahihi, ila nukta zimekosa vilele vyote. Ndiyo maana natumia zao, situmii namba iliyosimama peke yake.

Graph Mapper, kisanduku chenye grafu ndani yake, nayo inapendeza kwa kutafuta umbo, kwani unavuta vishikio kwa kipanya na wimbi linabadilika mbele ya macho yako. Lakini vishikio hivyo havipokei waya kutoka kwenye kitelezi, kwa hiyo panapotakiwa vipimo kamili mimi hubaki na saini. Graph Mapper naitumia kuzidishia kimo: naweka umbo linalopanda katikati na kushuka hadi sifuri pembeni, na mawimbi yanafifia taratibu kuelekea kingo. Matokeo yake ni mazuri mno, na kazi yenyewe ni kisanduku kimoja cha ziada.

Ukishamaliza, hamishia mstari kwenye Rhino kwa amri ya Bake. Kuanzia hapo nakala hiyo haifuati tena vitelezi, basi hifadhi na faili la Grasshopper lenyewe. Mabadiliko yakija, utayafanyia huko.