Boksi la ZZ Top la sidii kumi: mimi nilifuata dramu

Waliozoea ZZ Top, bendi ya roki ya Texas, kwa sidii za zamani watanielewa haraka. Mwaka 1987, albamu yao ya Eliminator ikiwa bado inauzika na redio zimejaa vinanda vya kompyuta, albamu za mwanzo za bendi hii zilitolewa upya kwa sidii, na kuna mtu aliona dramu za mpigaji wao Frank Beard zimepitwa na wakati. Zikamwagiwa mwangwi na sauti za kidijitali. Mimi niliijua albamu ya Rio Grande Mud kwa sauti hiyo tu, kwa kuwa ndiyo nakala iliyokuwa ikipatikana, na kila nikiisikiliza nilihisi kuna mtu anapiga dramu kwenye jengo la jirani. Tres Hombres na Fandango! zilirudishiwa sauti zake za asili mwaka 2006. Nyingine zikasubiri hadi 2013 lilipotoka boksi hili, The Complete Studio Albums 1970–1990, lenye albamu kumi jinsi zilivyochanganywa mara ya kwanza.

Nimelinunua mkononi kwa mtu, likiwa limetumika kidogo. Kila sidii imo kwenye bahasha ya karatasi ngumu yenye picha ya jalada la santuri yake. Ile ya Tres Hombres inafunguka, na ndani unakuta meza ya vyakula vya Kimeksiko vilivyojaa jibini hadi mtu anapata njaa. Maandishi yamepunguzwa pamoja na picha, kwa hiyo wa umri wangu mjiandae na miwani.

Tuje kwenye sauti. Albamu ya kwanza, ya Januari 1971, sasa inasikika kama watu watatu ndani ya chumba kimoja. Mpiga gitaa Billy Gibbons alikuwa ametoka The Moving Sidewalks, bendi ya Houston iliyowahi kumtangulia Jimi Hendrix jukwaani mwaka 1968. Mpiga besi Dusty Hill na Beard walikuwa wamepigia bendi ya American Blues ya Dallas, wanafahamiana nje ndani. Hawana mpiga kinanda wala mpiga gitaa wa pili. Gibbons akiingia kwenye solo, nyuma yake mara nyingi linabaki besi na dramu tu, na hapo ndipo utakapoona kwa nini mwangwi wa 1987 ulikuwa balaa: uliziba nafasi ambazo wenyewe waliziacha makusudi. Nilimsikilizisha rafiki yangu mmoja, mpiga dramu wa bendi ya hotelini, albamu ya Tejas kwa sidii ya 1987 na kwa hii. Aliisikiliza hii kimya, kisha akasema, "Kaka, huyu bwana hana haraka." Kwa mpiga dramu, hiyo ni sifa kubwa.

Tres Hombres ya 1973 ndiyo nimeirudia kuliko zote. Nyimbo mbili za kwanza zimeunganishwa bila pumzi katikati. Ukiziweka kwenye simu inayochanganya nyimbo ovyo umeziharibu. Halafu kuna "La Grange", jina la mji wa Texas uliokuwa na danguro maarufu, lililofungwa mwaka huo huo wa 1973. Mdundo wake ni wa John Lee Hooker, mkongwe wa bluzi, na hilo halihitaji mtaalamu kulisikia. Mwenye haki za "Boogie Chillen" ya Hooker alikwenda mahakamani, na shauri likafika mahakama ya rufaa mwaka 1995. Ya sheria nawaachia mawakili. Sikio langu linasema deni lipo, ila huyu mdaiwa hakuwahi kujificha. Miaka ya 1980 Gibbons alichukua ubao kutoka kwenye kibanda alichokaa Muddy Waters, mkongwe mwingine wa bluzi, karibu na Clarksdale, Mississippi, akatengenezesha gitaa, na gitaa lile likatumika kuchangisha fedha za jumba la makumbusho ya bluzi la mji huo.

Fandango! ni nusu jukwaani, nusu studio. Nusu ya jukwaani ina fujo kwangu, lakini "Tush", aliyoiimba Hill, inatosha kulipia sidii nzima.

Kipindi cha Tejas walifanya ziara ya kubeba nyati, ng'ombe wa pembe ndefu, tai mzoga na nyoka kwenye jukwaa lililochongwa kwa umbo la Texas. Walichoka, wakapumzika kama miaka miwili. Waliporudi Gibbons na Hill walikuwa na zile ndevu, na walikuwa na Deguello ya 1979, albamu isiyotajwa vya kutosha. Walitaka saksafoni, badala ya kukodi wapulizaji wakajifunza wenyewe. Kupiga kwao si kwa ustadi, na utamu uko hapo hapo.

Eliminator ya 1983 najua inagawa watu. Mashine ya dramu, sintesaiza, zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake. Nilidhani nitairuka, lakini ukiifikia kwa mpangilio, baada ya saba zilizotangulia, unagundua gitaa halijahama. Gibbons bado anabana noti zile zile na kuzichelewesha kidogo. Kilichobadilika ni sakafu anayochezea. Afterburner ya 1985 ndiyo siwezi kuitetea. Sakafu ile ile, ila safari hii mchezaji amekaa. Recycler ya 1990 inajaribu kurudi kwenye vumbi na inafika nusu ya njia.

Kinachonistaajabisha ni kwamba albamu zote kumi, nzuri kwa mbaya, ni kazi ya watu wale wale watatu. Mimi nimekulia kwenye dansi, ambako mwimbaji hulala Msondo akaamkia Sikinde, na nilichukulia kwamba bendi zote huishi hivyo. Hawa walikaa pamoja zaidi ya miaka 50, hadi Hill alipofariki Julai 28, 2021. Aliyeshika besi baada yake ni Elwood Francis, fundi wa magitaa wao wa miaka mingi, kwa matakwa ya Hill mwenyewe.

Boksi linaishia 1990, kwa hiyo La Futura ya 2012, waliyoitengeneza na mtayarishaji Rick Rubin, hamtaikuta humu. Itafuteni kando, ni bora kuliko tatu za mwisho za boksi hili, na dramu zake hazina mwangwi. Kama tayari unazo Tres Hombres na Fandango! za 2006 na hizo zinakutosha, usijisumbue. Kama unazo za 1987, uza zote ununue hili. Nyota nne; ya tano imekwenda na Afterburner.