Pampu ya mafuta ya Hilux ya petroli: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla hujashuka kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kuulizia pampu, hakikisha kwanza kwamba pampu ndiyo mbovu. Hilux ya petroli, kama hii yangu ya injini 2TR ya lita 2.7, ina pampu ya umeme iliyozama ndani ya tangi, na fundi mvivu huilaumu hiyo kabla hata ya kufungua boneti. Mwambie apime umeme kwenye soketi ya pampu huku mwingine akipiga stata, kisha afunge geji ya presha kwenye njia ya mafuta. Ikisimama karibu na bar 3 na isianguke ukikanyaga mafuta, pampu haina kosa. Tatizo litafute kwingine. Geji ikilala ilhali umeme unafika, kagua filta, na kama haijaziba, nunua. Rilei (swichi ya umeme inayoiwasha pampu) na waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, ulioliwa na kutu vimewauzia watu pampu nyingi wasizozihitaji.

Dalili moja haihitaji geji: gari limegoma, mtu anagongagonga tangi kwa mpini wa nyundo, linawaka. Hapo mara nyingi brashi za mota zimekwisha. Usilipangie safari gari hilo.

(Mwenye injini ya dizeli, 2KD au 1KD, pampu yako kubwa iko kwenye injini na presha yake hupita bar 1,000. Nenda kwa mafundi wa pampu za dizeli, haya hayakuhusu.)

Ninayoiweka namba moja ni mota mpya ya Denso, yaani pampu yenyewe, bila kibebeo chake, ile fremu inayoishika ndani ya tangi. Denso wameitengenezea Toyota pampu kwa miaka mingi, kwa hiyo unapata kitu kilekile kwa pesa pungufu. Kama kibebeo cha plastiki hakijapasuka na geji ya mafuta kwenye dashibodi inasoma, seti nzima ya nini? Nunua pamoja na chujio dogo la chini, maana la zamani limejaa tope. Namba ya Toyota ya pampu kwa kawaida huanza na 23220. Nenda na ile ya zamani mkononi, uziweke sambamba kwenye kaunta: kipenyo, urefu, soketi, mdomo wa kutolea mafuta. Boksi lisikudanganye, siku hizi wahuni wanachapa boksi zuri kuliko la kiwandani. Angalia maandishi kwenye mwili wa pampu. Yakifutika kwa kidole chenye petroli, mrudishie mwenyewe.

Ya pili ni seti nzima kwa wakala wa Toyota, ile ya namba 77020, pampu na flota yake, kile kiboya kinachopima mafuta. Watakuuliza namba ya chesi na hawakosei. Bei inauma. Kwa gari la kampuni linalolala porini, lipa tu.

Ya tatu, mtumba wa Japani. Hapa nagombana na mafundi wengi, wao huiweka ya kwanza: "Boss, used ya Japani inaizidi mpya." Kwa gia boksi nawakubali. Pampu ni mota inayochakaa, na huwezi kujua imezunguka miaka mingapi. Tena kuna jambo la 2020: Toyota iliita mamilioni ya magari duniani yarudi kurekebishwa, kwa sababu impela ya plastiki, kigurudumu kinachosukuma mafuta, ndani ya baadhi ya pampu za Denso ilikuwa ikivimba na kukwama. Pampu zilizong'olewa kwenye magari ya miaka ya kabla ya hapo nani anazichuja? Ukibanwa, ichukue, ila ijaribiwe kwa betri mbele yako, kwa sekunde mbili tu, isiungue ikiwa kavu.

Ya mwisho ni ile isiyo na jina, inayouzwa kwenye mfuko wa nailoni. Niliinunua mara moja. Mwezi wa nne baada ya kuifunga nilikuwa napanda mlima wa Kitonga na magunia ya vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni. Nikasikia mlio mwembamba nyuma kama wa mbu, gari likakosa nguvu, likazima kwenye kona, malori yananipigia honi. Kulivuta hadi Iringa kulinigharimu kuliko Denso mpya. Halafu kazi ikarudi mwanzo: kumwaga petroli, kushusha tangi, kufungua, kufunga. Fundi hapunguzi ufundi eti kwa sababu pampu yako ilikuwa rahisi.

Siku ya kufunga, fika na tangi likikaribia kuisha ili lishuke bila kuvunja watu mgongo. Baada ya hapo usilizoeshe chini ya robo, maana petroli ndiyo inayoipoza pampu. Na dai raba mpya ya mfuniko wa pampu. Ya zamani ikirudishwa, ukijaza tangi utanusa petroli hadi kitandani.